Inapitika na Nani?

Kuna neno ambalo sisi waandishi wa habari tunaliandika kila masika: kupitika. Barabara inapitika. Barabara inapitika kwa shida. Wananchi wameahidiwa barabara itakayopitika mwaka mzima. Ni neno la kawaida kabisa, lakini hebu lisikilize kidogo. Mtu akisema "nimepita", unajua nani kapita. Akisema "inapitika", mpitaji katoweka, na sifa yote imehamia kwenye udongo, kana kwamba kupitika ni kitu kilichomo ndani ya barabara yenyewe, sawa na wekundu wake. Mwalimu wa sarufi atakwambia kwamba kauli hiyo ya kutendeka haimtaki mtendaji. "Inapitwa na malori" ni Kiswahili. "Inapitika na nani?" ni kosa, utakatwa alama.

Mimi nadhani ni swali linalostahili kuulizwa hivyo hivyo. Hakuna barabara inayopitika hivi hivi tu. Kuna inayopitika kwa mguu, kwa punda, kwa bodaboda, kwa Noah, na kuna inayopitika kwa Land Cruiser iliyonyanyuliwa inchi mbili na kufungwa shokapu ndefu. Barabara ni moja, majibu ni matano. Nataka kuzungumzia hilo jibu la mwisho, kwa sababu limebeba swali la kimaadili ambalo hatulijadili sana: je, mwenye uwezo ana haki ya kununua kutoisikia barabara ambayo wenzake wote wanaisikia? Na akishanunua, anabaki na deni lolote?

Ili swali likae vizuri, inabidi kwanza tuingie gereji.

Ninaishi Arusha, mji ambao kunyanyua magari ni kazi ya kila siku. Magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro na Serengeti, mengi yake Land Cruiser za ile familia ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, hufika kwa mafundi yakiwa mapya na kutoka yakiwa kitu kingine: chesisi imerefushwa, paa linafunguka, springi zimebadilishwa, gari limepanda. Anayepita nje huona kimo tu. Fundi anaona zaidi ya hapo, na ukikaa naye nusu saa utajifunza mambo ambayo, kwa maoni yangu, yangefaa kufundishwa hata kwenye somo la uraia.

La kwanza ni tofauti ya springi na shokapu. Wengi wetu tunazichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi. Ukiondoa shokapu zote, gari halitaanguka, ila likikanyaga tuta moja litaendelea kupanda na kushuka kama ngalawa iliyopitwa na meli. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayolazimishwa kupenya kwenye vitundu vidogo. Yanapopenya kwa shida, ile nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana baada ya safari ndefu ya barabara mbovu, ukiigusa shokapu unaweza kuungua. Kila tuta ambalo abiria hakulisikia lipo pale, limegeuka joto ndani ya bomba chini ya kiti chake. Halikupotea. Kuna chombo kimelipokea kwa niaba yake.

La pili ni urefu wa mwendo wa shokapu, yaani nafasi iliyopo kati ya kukunjika kabisa na kukunjuka kabisa. Gurudumu likipanda jiwe, shokapu inakunjika. Likiingia shimoni, inakunjuka ili gurudumu liifuate ardhi huko chini. Watu wengi hufikiria lile la kupanda tu. Lakini nje ya lami, kushuka ndiko kunakookoa, kwa sababu gurudumu lililobaki hewani halivuti, halifungi breki, na halipindi kona. Gari lenye nguvu kubwa lenye magurudumu mawili hewani ni jengo tu.

Hapo sasa ndipo ujanja wa bei rahisi unapoonekana. Mtu anataka gari lipande lakini hataki kugharamia springi na shokapu mpya. Anawekewa vipande vya chuma au vya plastiki ngumu juu ya springi, gari linapanda sentimita tano, picha inapigwa. Shokapu ni zile zile za zamani. Kwa kuwa gari limenyanyuliwa na shokapu haikurefuka, tayari imevutika kabla safari haijaanza, na ile nafasi ya gurudumu kushuka imeliwa. Gari limepata kimo, limepoteza mguu. Likifika kwenye korongo dogo tu, gurudumu moja linaning'inia.

Kuna na la tatu, ambalo lilinichekesha nilipolielewa. Kwenye magari haya yenye ekseli nzima mbele na nyuma, kunyanyua springi hakunyanyui difu. Difu liko kwenye ekseli, na ekseli iko kwenye magurudumu. Bodi inapanda, boneti inapanda, dereva anapanda, lakini kile kitu cha chini kabisa, ndicho kitakachokwama kwenye mgongo wa katikati ya barabara, kimebaki pale pale kilipokuwa. Ukitaka difu lipande, weka tairi kubwa zaidi, na hata hapo utapata nusu tu ya kipenyo ulichoongeza.

Fundi mmoja aliniambia kwamba wateja karibu wote humuuliza gari litapanda kiasi gani. Waliowahi kumuuliza gurudumu litashuka kiasi gani anaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wanaolijua jambo hili vizuri zaidi ni wale wa mashindano ya jangwani. Baja 1000, mbio za huko Mexico zilizoanza mwaka 1967, zimezaa malori ambayo magurudumu yake ya nyuma huweza kupanda na kushuka zaidi ya nusu mita. Wale hawakutafuta kimo. Walitafuta mwendo wa gurudumu, na kimo kikaja kama gharama, kwa sababu kila sentimita unayopanda, kitovu cha uzito kinapanda pia na gari linakuwa jepesi kupinduka. Hesabu yake ni nyepesi: chukua upana kati ya tairi na tairi, gawa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Namba ikipungua, kaa chonjo. Kwa hiyo mafundi wa jangwani hupanda kwa kiasi kile tu kinacholiwezesha gurudumu kushuka. Kunyanyuka kuna sababu, na sababu yenyewe iko chini.

Sasa tutoke gereji.

Wazee wetu walikuwa na neno Wabenzi. Lilitamkwa sana Afrika Mashariki katika miaka ya baada ya uhuru, kwa dharau kidogo na wivu kidogo, kuwataja wakubwa waliotembelea Mercedes-Benz. Kizazi kilichofuata hapa Tanzania kikapata neno lake, shangingi, yaani lile gari kubwa la kwenda popote ambalo wakubwa hupanda. Tumezoea kuyaona maneno haya mawili kama hatua mbili za anasa ile ile. Mimi naona kuna tofauti, na ni kubwa. Benzi ni gari la chini. Linahitaji lami. Mkubwa wa Benzi, hata akiwa mbinafsi kiasi gani, alikuwa na maslahi katika barabara, angalau ile ya kwenda kwake. Shimo la wananchi lilikuwa pia shimo lake. Shangingi limeuvunja mkataba huo. Limemwezesha mkubwa kufika kijijini bila kuihitaji barabara ya kijiji. Kwa lugha ya heshima tunasema amewafikia wananchi. Ni kweli amewafikia. Ila hakupita walikopita.

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa masika, nilipanda gari la msafara wa viongozi kwenda kukagua barabara katika wilaya moja ya kaskazini. Gari lilikuwa limenyanyuliwa na mtu aliyejua kazi yake: springi ndefu, shokapu ndefu, tairi pana. Barabara ilikuwa imeliwa na maji, ina makorongo ya kukata upande hadi upande, halafu sehemu kavu zilikuwa na vile vijituta vya mfululizo kama migongo ya bati. Nilikuwa naandika kwenye daftari na mwandiko wangu ulisomeka. Ofisa aliyekaa jirani yangu alisinzia. Simlaumu, alikuwa ameamka alfajiri, na gari lilikuwa linabembeleza. Tulipofika, mkutanoni, alisimama akasema barabara ina changamoto lakini inapitika. Watu wakaguna.

Nilibaki nyuma kuzungumza na wanakijiji, kwa hiyo nikarudi kwa Noah. Mbele yangu alikaa mama mwenye trei ya mayai thelathini mapajani. Kwenye kila korongo aliinuka kidogo kutoka kwenye kiti, akakunja magoti, akaiacha mikono ielee, halafu akashuka taratibu. Nilimwangalia kwa muda kabla sijaelewa anafanya nini. Mapaja yake yalikuwa springi, mikono yake shokapu. Kazi ambayo kwenye lile gari la asubuhi ilifanywa na bomba la mafuta, hapa aliifanya yeye, kwa zaidi ya saa mbili. Tulipofika lami aliyahesabu mayai. Sita yalikuwa yamepasuka. Akayatenga, akafuta mikono kwa khanga, hakusema neno.

Jambo lililonisumbua baadaye ni kwamba yule ofisa hakusema uongo. Angesema uongo ingekuwa rahisi, tuna majina ya watu waongo na tunajua kuwashughulikia. Yeye alisema kile ambacho mwili wake ulimshuhudia. Alipita, ikapitika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuona kitanda hiki: ambacho unakilalia, unasinzia kabisa, na kunguni wanamng'ata mwenzako.

Mwanauchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin, alikutana na kitu kinachofanana na hiki Nigeria. Alijiuliza kwa nini reli ya serikali ya huko ilikuwa inafanya kazi vibaya wakati malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo waziwazi, hata karanga za kutoka kaskazini ya mbali kwenda bandarini, safari ndefu ambayo treni ilipaswa kushinda. Kwa mawazo ya kawaida ya soko, ushindani ungeiamsha reli. Haikuamka. Jibu alilolitoa katika kitabu chake cha mwaka 1970 ni kwamba malori yaliwachukua wale wateja ambao wangepiga kelele zaidi. Mwenye mzigo mkubwa, mwenye haraka, mwenye kujuana na wakubwa, aliondoka. Walioachwa ni wale ambao kelele zao hazifiki mbali. Reli ikapoteza wateja, lakini hasara ilifidiwa na hazina, na kitu ambacho kingeiuma kweli, yaani makelele ya wenye sauti, kikapungua. Alikuwa akizungumzia njia mbili za mtu asiyeridhika: kuondoka, au kupaza sauti. Wenye uwezo wakiondoka, huondoka na sauti zao.

Kunyanyua gari ni kuondoka kwa namna ya ajabu, kwa sababu unaondoka barabarani huku bado upo barabarani. Hakuna anayekuona umehama. Hata wewe mwenyewe huoni.

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Pesa ni yangu, gari ni langu, mgongo ni wangu. Nikiendesha gari bovu ili niumie pamoja na wengine, nimemsaidia nani? Kweli, hakuna. Kuna wema wa maonyesho ambao mimi pia siutaki, ule wa mkubwa kupanda daladala siku moja akiwa na mpiga picha. Maumivu ya pamoja hayajengi kalavati. Na kuna watu ambao gari lililonyanyuliwa kwao ni uhai: mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa, askari wa wanyamapori, mtaalamu wa chanjo anayewahi kufika kabla barafu haijayeyuka ndani ya boksi. Atakayewaambia hao wasubiri haki ipatikane kwanza ndipo wafunge shokapu ndefu, huyo hana akili.

Hata mchezo una nafasi yake. Jirani zetu Kenya wana Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989. Magari yaliyonyanyuliwa na kuimarishwa hupewa saa kumi kufika kwenye vituo vilivyotawanywa porini, bila njia, na mshindi si aliyewahi, ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Ni wendawazimu wa kupendeza. Lakini ili kushiriki inabidi uchange, na michango ile imesaidia kujenga uzio wa kuzunguka msitu wa Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, ambao unalinda msitu na pia unalinda mashamba ya watu dhidi ya tembo. Wale wamenyanyuka, na wamekumbuka walio chini ya mlima. Kwa hiyo sitaki kusikika nikisema kunyanyua gari ni dhambi.

Ninachosema ni kwamba aliyenyanyuka hana haki ya kujihesabu kuwa hahusiki. Na sababu yangu moja inatoka kwenye mchanga wenyewe.

Vile vijituta vya migongo ya bati vinatoka wapi? Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walijaza mchanga kwenye meza ya duara inayozunguka, wakaweka gurudumu juu yake, wakaangalia. Mwendo ukiwa mdogo sana, mchanga ulibaki tambarare. Ukivuka kiwango fulani, vituta vilijitokeza vyenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi wala shokapu. Na kiwango hicho si kikubwa; magari karibu yote yanakivuka. Maana yake ni nini? Vituta havina mkosaji mmoja. Sisi sote tunaopita tunavitengeneza. Huwezi kumnyooshea kidole mwenye Land Cruiser ukasema wewe ndiye umeharibu.

Lakini angalia kinachofuata. Dereva yeyote wa safari anajua kwamba ukiwa na shokapu nzuri, dawa ya vituta ni kuongeza mwendo hadi tairi ziwe zinarukia vichwani tu, gari linatulia. Mwenye Noah ya zamani akijaribu hivyo atakusanya vyuma barabarani. Basi tatizo tumelitengeneza wote, na njia ya kutolisikia wanayo wachache, na njia yenyewe ni kuendelea kufanya kile kile kinacholitengeneza, kwa kasi zaidi. Kama kuna mfano bora wa jinsi jamii inavyogawana mzigo, mimi sijauona.

Sababu ya pili ni ya watembea kwa miguu. Kimo hakiishii kwa aliyekaa juu. Taasisi moja ya Marekani ya utafiti wa usalama barabarani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilitoa matokeo mwaka 2023: magari ambayo boneti zake zimepita kimo cha inchi 40, sawa na kama mita moja hivi, yalikuwa na uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu yanapomgonga kwa asilimia 45 hivi zaidi kuliko magari yenye boneti za chini zilizoinama. Gari la chini humgonga mtu mguuni na kumtupa juu ya boneti. Gari refu humgonga kifuani, na mtoto humgonga kichwani. Utafiti huo ulihusu magari kama yalivyotoka kiwandani. Huko huko Marekani kulizuka mtindo wa kunyanyua pua ya lori na kushusha mkia, hadi dereva anatazama mbingu, na majimbo kama North Carolina, Virginia na South Carolina yakalazimika kuupiga marufuku kwa sheria. Sentimita unazojiongezea juu ya kiwanda zinamwangukia mtu fulani asiyeulizwa. Kwetu huku, ambako wengi wanatembea pembeni mwa barabara isiyo na njia ya miguu, mtu huyo hayuko mbali.

Sababu ya tatu ni ile ya Hirschman, na ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu haihusu magari peke yake. Tazama nyumba ya mtu wa kipato cha kati katika mji wowote wa Tanzania. Maji ya bomba yanakatika: kaweka tangi kubwa juu ya mnara. Umeme unakatika: kanunua jenereta, sasa sola. Shule ya kata imejaa: watoto wanakuja kuchukuliwa na basi la njano. Zahanati haina dawa: ana bima na hospitali yake. Kila kimoja ni springi ndefu. Kila kimoja, ukikichukua peke yake, kina sababu nzuri, na mimi mwenyewe nina tangi na nisingependa kulishusha. Lakini ukivijumlisha unapata mtu aliyesoma, anayeandika barua vizuri, anayejua namba ya simu ya mhandisi, ambaye mwili wake hauna tena taarifa yoyote kutoka barabarani. Anaishi katika mji ambao kwake unapitika.

Basi deni lake ni lipi? Ningependa kulieleza kwa lugha ya yule fundi. Kunyanyuka ni halali kadiri gurudumu linavyoweza kushuka. Ukiongeza sentimita tano juu, hakikisha umeongeza na mwendo wa kwenda chini, vinginevyo umejinunulia kimo tu na kupoteza mguu. Katika maisha, mwendo wa kwenda chini ni taarifa na sauti. Aliyepewa nafuu na mfuko wake anadaiwa kujua kile ambacho nafuu hiyo inamficha, na kukisemea kwa nguvu ile ile ambayo angeitumia kama kingekuwa kinamuuma yeye. Halazimiki kuumia. Analazimika kutosinzia.

Jambo hili si la hisia tu, linaweza kuandikwa kwenye utaratibu. Barabara ya wilaya ikaguliwe kwa gari linalotumiwa na wengi wa wanaoitumia, wakati wa masika, na abiria wakiwa wamejaa. Ripoti itaje chombo: kwa bodaboda dakika ngapi, kwa Noah dakika ngapi, na chombo gani kilishindwa kabisa na wapi. Mwenye tangi la maji ahudhurie mkutano wa mtaa unaojadili bomba, hata kama kwake maji yapo. Hasa kama kwake maji yapo, kwa sababu ndiye mwenye nafasi ya kukaa hadi mwisho. Mwenye mtoto kwenye basi la njano aulize bajeti ya shule ya kata. Ni mambo madogo. Hata shokapu ni chombo kidogo.

Upande wangu, katika kazi, nina kanuni moja. Chanzo akiniambia barabara inapitika, namuuliza yeye kapita na nini. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika kidogo, wengi wanajibu. Halafu naandika: inapitika kwa Land Cruiser iliyonyanyuliwa; kwa Noah, saa mbili na robo, abiria walishuka mara tatu; kwa bodaboda, haikupitika kuanzia daraja la pili. Mhariri hulalamika kwamba sentensi imekuwa ndefu na nafasi ni ndogo. Huwa namwomba akate kwingine.